Wasomaji Wanauliza: Pasta, Mimbari na Kura za Marekani

Toleo lililopita tuligusa kwa aya mbili tatu tu habari ya wachungaji wa kihafidhina kule Marekani wanaojiingiza kwenye siasa, wanaopigania sheria za utoaji mimba, ndoa na shule, na wengine wanafika mpaka kutaja jina la mgombea madhabahuni, na aisee meseji zilizoingia si za kawaida. Wapo waliotubariki, wapo waliotuambia tutubu. Nimechagua chache, nimezifupisha na kunyoosha herufi hapa na pale, majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

SWALI: Mhariri shikamoo. Binamu yangu yuko Marekani ananitumia klipu za ibada ya kwao, pasta anamtaja mgombea kwa jina kabisa na kusema Mkristo wa kweli kura yake inajulikana inaenda wapi. Nilishasoma mahali kwamba kule kanisa likifanya hivyo linafutiwa msamaha wa kodi. Sasa mbona hawafutiwi? Au hiyo sheria ni ya kwenye makaratasi tu?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Marahaba. Sheria ipo, na ina umri mkubwa kuliko wachungaji wengi wanaoilalamikia. Ni ya mwaka 1954, aliyeileta ni Lyndon Johnson akiwa bado seneta wa Texas kabla hajawa rais, na cha kuchekesha ni kwamba hakuwa na habari na wachungaji, yeye alikuwa na ugomvi na taasisi fulani zenye msamaha wa kodi zilizokuwa zinampiga vita kisiasa, akaomba kwenye muswada mkubwa wa kodi iongezwe sentensi kwamba taasisi ya namna hiyo isijiingize kwenye kampeni ya mgombea yeyote. Ikapita bila mjadala. Makanisa yalikuwa kwenye kundi hilohilo la taasisi za hisani pamoja na vyuo na hospitali, yakanasa humohumo.

Sasa angalia vizuri kinachokatazwa, ni kampeni ya mgombea. Kusema utoaji mimba ni dhambi haikatazwi, kusema muswada fulani ulioko bungeni ni mbaya na kuwaambia waumini wampigie simu mbunge wao haikatazwi pia, ila hiyo kazi ya kushawishi wabunge isiwe sehemu kubwa ya shughuli za kanisa, na hiyo "kubwa" hakuna aliyewahi kuipima kwa futi. Halafu pasta akiwa kama yeye mwenyewe, raia, anaruhusiwa kumuunga mkono amtakaye, kuchangia hela za mfukoni kwake, hata kubandika bango uwanjani kwake. Kwa hiyo mengi yanayowakera watu kwenye klipu ni halali tupu, ubaya au uzuri wake ni habari nyingine.

Hilo la kutaja jina kwenye ibada ndilo lenye utata. Kanisa linalojulikana kufutiwa msamaha kwa ajili ya sheria hii ni moja tu, la Pierce Creek, jirani na Binghamton katika jimbo la New York. Mwaka 1992, siku nne kabla ya uchaguzi, walilipia tangazo la ukurasa mzima kwenye magazeti mawili ya taifa kuwaonya Wakristo wasimchague Bill Clinton, na chini yake wakaweka maombi ya michango kwa ajili ya tangazo lenyewe, michango ambayo mtoaji angeitumia kupunguziwa kodi! Hapo uvumilivu ukaisha. 1995 wakafutiwa, wakaenda mahakamani, mwaka 2000 wakashindwa mahakama ya rufaa. Kilichowaponza lilikuwa tangazo la kulipia, na michango yake.

Mahubiri yenyewe hayajawahi kumponza mtu namna hiyo. Mwaka 2008 wachungaji 33 walikubaliana Jumapili moja wahubiri juu ya wagombea kwa makusudi kabisa, halafu wakayatuma mahubiri hayo kwa mamlaka ya kodi, ile IRS, yaani wanasema tushtakini basi, walitaka kesi ifike Mahakama ya Juu wapate kuifuta sheria. Miaka iliyofuata wakawa mamia. Kesi waliyoitaka hawakuipata. IRS ina sababu zake, tangu 1984 sheria inataka afisa wa ngazi ya juu aandike sababu za msingi kabla kanisa halijakaguliwa, na zaidi ya sheria ni aibu, hakuna serikali inayotaka picha ya watu wa kodi wamesimama mlangoni pa kanisa. Halafu Julai 2025 IRS yenyewe ikaiambia mahakama moja ya Texas kwamba mchungaji akizungumza na waumini wake kuhusu wagombea, kwenye ibada na kwa njia zao za kawaida, hiyo ni kama mazungumzo ya familia, haihesabiki kuwa kampeni. Sentensi ya 1954 haijafutwa na bunge, bado imo vitabuni. Lakini ukiniuliza kama pasta wa binamu yako analala usingizi, analala tena anakoroma.

SWALI: Babu yangu alikuwa mhubiri na alikuwa anatuambia wamisionari wa Kimarekani waliomfundisha hawakutaka kabisa kusikia siasa, kazi yao ilikuwa kuokoa roho basi. Leo hao hao ndio wako mstari wa mbele. Nini kiliwabadilisha? Nasikia wengine wanasema ni utoaji mimba, wengine wanasema ni ubaguzi wa rangi. Ukweli ni upi?
*Mjukuu wa Mhubiri*

JIBU: Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote kwa hiyo nisamehewe nikirefusha.

Mchukue mtu mmoja, Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia. Alianzisha kanisa la Kibaptisti mwaka 1956 na watu 35 ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha kujaza soda, inasemekana sakafu ilikuwa bado inanata kwa sharubati. Akaenda redioni, akaenda kwenye televisheni, kanisa likawa na maelfu. Machi 1965, wakati Martin Luther King na wenzake wanaandamana Selma kudai watu weusi waruhusiwe kupiga kura, Falwell alipanda mimbarini akahubiri kwamba wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa, waliitwa kuvuta roho za watu kwa Kristo, na akawakosoa wachungaji waliotoka makanisani kwenda kuandamana. Babu yako angesema amina.

Miaka kumi na minne baadaye, 1979, mtu huyohuyo alianzisha Moral Majority, chama cha ushawishi kilichozunguka nchi nzima kuandikisha wapiga kura, kikipinga utoaji mimba, haki za mashoga na ile sheria ya usawa wa wanawake iliyotakiwa kuingia kwenye katiba. Na yale mahubiri ya 1965 akayakana mwenyewe.

Katikati hapo kulitokea nini? Wengi wanasema 1973, Mahakama ya Juu ilipohalalisha utoaji mimba nchi nzima katika kesi ya Roe v. Wade. Ingekuwa rahisi hivyo ningeishia hapa. Ila ukirudi nyuma unakuta mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la Kiprotestanti kuliko yote kule, ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu utoaji mimba kwa aliyebakwa, kwa ujauzito wa ndugu wa damu, mtoto mwenye ulemavu mkubwa, na pale afya ya mama, hata ya akili, ikiwa hatarini. Wabaptisti wa Kusini hao! Mpaka 1980 ndipo azimio lao likageuka kuwa kali. Miaka ile utoaji mimba ulihesabiwa kuwa vita ya Wakatoliki, na wachungaji wengi wa Kiprotestanti hawakutaka kuonekana kwenye foleni moja na mapadre.

Upande wa pili kuna shule. Serikali ilipolazimisha shule za umma za Kusini zichanganye watoto weusi na weupe, makanisa mengi yakafungua shule zao binafsi, Falwell naye alifungua ya kwake 1967. Mahakama mwaka 1971 ikakubali kwamba shule binafsi inayobagua rangi haistahili msamaha wa kodi. Chuo cha Bob Jones huko South Carolina kilikuwa kinakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuwa wapenzi, kikafutiwa msamaha 1976, kikapigana mpaka Mahakama ya Juu na kikapigwa 8 kwa 1 mwaka 1983. Na 1978 IRS ilipotaka kuzibana shule binafsi zote kwa kanuni mpya, wachungaji ambao hawajawahi kuandika barua kwa mbunge maishani mwao wakaandika. Paul Weyrich, fundi wa nyuma ya pazia aliyemshawishi Falwell kuanzisha Moral Majority, alisema zaidi ya mara moja kwamba alijaribu kuwaamsha wachungaji hao kwa utoaji mimba hawakuamka, walipoguswa shule zao ndipo wakaamka.

Wanahistoria bado wanavutana, na wapo wanaosema Weyrich alitia chumvi, kwamba waumini wa kawaida walikuwa wameshakasirishwa na Roe bila kusubiri viongozi, na pia maombi rasmi ya serikali yaliyoondolewa shuleni mwaka 1962 yalikuwa yanawauma siku zote. Mimi naona wote wana kipande chao. Shule ndizo ziliwatoa wachungaji ofisini, utoaji mimba ndio uliowapa waumini sababu ya kubaki barabarani mpaka leo, kwa sababu hakuna mama atakayeamka alfajiri kwenda kuandamana kwa ajili ya msamaha wa kodi wa chuo.

Na hapo ndipo nina neno na Falwell. Ile "hatuchanganyi dini na siasa" ya 1965 ilikuwa siasa tayari. Anayekaa kimya wakati jirani yake ananyimwa kura ameshachagua upande, ila upande huo hauhitaji bango. Kwa hiyo mtu akikuambia pasta wake hana siasa, muulize anakaa kimya kuhusu nini.

Kuna tukio moja la Agosti 1980 mjini Dallas linaonyesha ndoa ilivyofungwa. Maelfu ya wachungaji wamejaa ukumbini, Ronald Reagan anapanda, mgombea, mwigizaji wa zamani aliyewahi kuachana na mke, na anashindana na Jimmy Carter ambaye ni Mbaptisti anayefundisha shule ya Jumapili. Reagan akawaambia anajua wao hawawezi kumuidhinisha, lakini yeye anawaidhinisha wao. Ukumbi ukalipuka. Sheria ya Johnson ilikuwa imetimizwa herufi kwa herufi na kila mtu aliyekuwepo alijua Novemba anampigia nani. Mwalimu wa Sunday school akashindwa.

SWALI: Kwa hiyo pasta mwenyewe anaweza kugombea? Na akishinda anaacha kanisa?
*Fupi tu*

JIBU: Anaweza, na halazimiki kuacha. Ila haikuwa hivyo siku zote, majimbo kadhaa ya mwanzo ya Marekani yalikuwa na vifungu vya kuwazuia makasisi kuwa wabunge, na Tennessee iling'ang'ania mpaka 1978 ambapo Paul McDaniel, mchungaji Mbaptisti mweusi wa Chattanooga, aliishinda mahakamani. Pat Robertson mhubiri wa televisheni aligombea urais 1988 na kwenye mchujo wa chama cha Republican huko Iowa akamaliza wa pili mbele ya George Bush mkubwa, ambaye mwisho ndiye aliyekuwa rais. Raphael Warnock alichaguliwa seneta wa Georgia mwaka 2021 na akaendelea kuwa mchungaji wa Ebenezer kule Atlanta, kanisa lilelile la Martin Luther King.

SWALI: Umemtaja Warnock katika jibu la rafiki yangu ambaye tumekaa naye tukiandika hizi meseji, sasa nami nauliza. Wachungaji weusi wanamkaribisha mgombea wa Democrat mpaka madhabahuni, anapigiwa makofi, anaombewa, hakuna anayesema kitu. Mchungaji wa kihafidhina akifanya hivyo inakuwa habari ya dunia, ooh wanataka kuitawala nchi kwa Biblia. Huo si unafiki?
*Nauliza kwa amani*

JIBU: Kiasi ndiyo. Sheria ni moja kwa wote, na ukiifuata herufi kwa herufi wagombea wanaokaribishwa kanisa moja mwezi wa kumi kila miaka minne wakapewa kipaza sauti huku mpinzani hajaalikwa, hiyo nayo imekaa pabaya, awe kanisa la weusi au la weupe.

Ila usiniambie hakuna aliyewahi kuguswa upande ule. Kanisa la All Saints la Pasadena, California, la mrengo wa kushoto, lilichunguzwa na IRS kwa sababu ya mahubiri ya siku mbili kabla ya uchaguzi wa 2004, mhubiri aliwaweka wagombea wawili wa urais, Bush mdogo na Kerry, kwenye mjadala wa kufikirika na Yesu, akasema hawaambii watu wamchague nani, lakini vita ya Iraq aliishambulia vibaya. Uchunguzi ulikwenda mpaka 2007, ukafungwa kwa kuambiwa mlikosea lakini hatuwafanyi kitu. Kwa hiyo hizo kelele za "sisi tu ndio tunaonewa" nimezisikia pande zote mbili.

Tofauti kubwa naiona kwenye historia. Kwa watu weusi kanisa lilikuwa karibu jengo pekee walilolimiliki wenyewe, ukumbi wa mkutano ni hapohapo, mfuko wa dhamana ya waliokamatwa ni hapohapo, ndiyo maana 1957 viongozi wa maandamano ya haki za watu weusi walipounda umoja wao karibu wote walikuwa wachungaji. Wahafidhina weupe walikuwa na kumbi nyingine nyingi. Hiyo inaeleza kwa nini makofi yanasikika tofauti, ingawa haimpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria.

SWALI: Mhariri pole na kazi. Mimi ni mama, tuko Marekani na mume wangu ni mzee wa kanisa. Imani yangu ni ya kihafidhina sijifichi, utoaji mimba siuungi mkono. Lakini kila uchaguzi ukikaribia mlangoni kanisani tunapewa karatasi inayoonyesha wagombea na misimamo yao, na mchungaji anasema siwaambii mumchague nani, someni wenyewe, huku anatabasamu. Mimi inanikera, nahisi kama nafanywa mtoto. Nikimwambia mume wangu anasema natafuta ubaya. Je ni mimi tu? Nifanyeje?
*Mama mwenye karatasi*

JIBU: Si wewe tu mama, na pole pia kwa kuwa mke wa mzee wa kanisa, maana hata kukereka kwako kunahesabiwa kikao.

Tuichukue hiyo karatasi tuiangalie pamoja. Juu kuna picha mbili, upande wa kushoto kuna orodha ya mambo, na chini ya kila picha kuna neno "anaunga mkono" au "anapinga". Hakuna mahali pameandikwa mchague huyu. Kazi yote imefanyika kwenye ile orodha ya kushoto. Nani alichagua mambo hayo? Kama ni utoaji mimba, ndoa, maombi shuleni na bunduki, halafu hakuna bima ya afya, hakuna mishahara, hakuna wahamiaji, hakuna wafungwa, basi jibu lilishaandikwa kabla picha hazijabandikwa. Angalia na maneno yenyewe, "kulinda watoto" ni swali ambalo hakuna mtu atajibu hapana. Na wakati mwingine picha ya mmoja anacheka yuko kwenye bendera na mwenzake amepigwa picha akiwa amefumba jicho, nacheka lakini ni kweli! Mtindo huu ulikomazwa na Christian Coalition, chama alichokianzisha Pat Robertson mwaka 1989, walisambaza mamilioni ya karatasi hizi kwenye makanisa, mara nyingi Jumapili ya mwisho kabla ya kura ili mgombea aliyeonewa asipate muda wa kujibu.

IRS ilitoa mwongozo kuhusu karatasi hizi tangu 1978, kwamba ikigusa mambo mapana na kuuliza bila kuegemea ni elimu kwa mpiga kura, ikibana kwenye jambo moja au mawili huku imeegemea inageuka kampeni. Kwa hiyo unachokihisi wewe watu wa kodi nao walishakihisi.

La kufanya. Usianzie kwenye grupu la WhatsApp la kanisa, nakuomba, huko utaitwa mpinzani kabla ya chai. Anza na mume wako, lakini usimwambie "karatasi ni mbaya", muulize maswali matatu ambayo yeye kama mzee wa kanisa anapaswa kuyajibu: nani ameiandika, nani amelipia kuchapa, na wazee waliipitia lini. Kama jibu ni kwamba imekuja kwenye boksi kutoka chama fulani mjini na sisi tunaigawa tu, basi hapo yeye mwenyewe ataona kuna kitu, maana hakuna mzee wa kanisa anayekubali kitabu cha nyimbo kiingie bila kukisoma.

Na ujue kuna wachungaji wenye imani kama yako wamekataa hizo karatasi. Greg Boyd wa kanisa la Woodland Hills huko St. Paul, Minnesota, hakuwa mliberali, utoaji mimba alikuwa anaupinga. Mwaka 2004 waumini walimsumbua atangaze mikutano ya kisiasa, aweke karatasi ukumbini, awaambie watu wapige kura ya "kimaadili". Akajibu kwa mfululizo wa mahubiri kwamba kanisa liachane na upanga wa serikali, liachane na kuitukuza nchi kama taifa teule, na bendera ikae nje ya ukumbi wa ibada. Kati ya waumini elfu tano hivi, kama elfu moja waliondoka. Wapo waliobaki wakamshukuru, lakini elfu moja jamani ni watu, ni sadaka, ni mishahara ya wafanyakazi wa kanisa. Nakueleza hivyo ili umuonee huruma kidogo na mchungaji wako, pengine lile tabasamu ni la mtu anayejua kuna nani kwenye benchi la mbele na anatoa kiasi gani.

SWALI: Mnawasakama sana watumishi wa Mungu. Kwani wao siyo raia? Hawalipi kodi? Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi, Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa kwa kumwambia Herode ukweli kuhusu ndoa yake. Wachungaji wa Marekani wangenyamaza hata ile Roe isingefutwa 2022. Acheni kuwatisha!
*Mlinzi wa Mnara*

JIBU: Ndugu yangu, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Mchungaji ni raia na hana sababu ya kuwa bubu, na umetaja kitu cha kweli, kazi ya karibu miaka hamsini ilizaa matunda 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ilipoifuta Roe. Anayesema siasa za wachungaji hazikufanikiwa hajasoma gazeti.

Ila ongeza na ukurasa unaofuata. Wiki chache tu baadaye, Agosti 2022, Kansas jimbo la kihafidhina kabisa walipiga kura kama waondoe ulinzi wa utoaji mimba kwenye katiba ya jimbo, makanisa yalipiga kampeni, Kanisa Katoliki lilitoa hela nyingi, na karibu asilimia 59 ya wapiga kura wakakataa. Jopo la majaji walilipata, majirani zao hawakuwapata. Hapo mchungaji ana la kujiuliza, maana kazi aliyosema aliitiwa ni kubadilisha mioyo, na mahakama haina idara ya mioyo.

Kuhusu Nathani, umenipa mfano mzuri kuliko ulivyokusudia. Nathani alikuwa mtu wa nyumbani kwa Daudi, si wa upinzani. Alikwenda kumnyooshea kidole mfalme wake mwenyewe aliyempenda, "wewe ndiwe mtu huyo". Kumkemea mgombea wa upande usioupenda wala si unabii, hiyo hata mimi naweza nikiwa nimekaa kwenye kochi. Billy Graham, mhubiri maarufu wa mikutano ya injili, alikuwa rafiki wa rais Richard Nixon, ibada ikulu, gofu, simu, na mwaka 1972 walirekodiwa wakizungumza, Nixon akiwasema Wayahudi vibaya na Graham badala ya kumkemea akaongezea. Kanda hiyo ilipotolewa 2002 mzee akaomba radhi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amekaa karibu mno na kiti, na miaka yake ya baadaye alikuwa anawaonya wahubiri wenzake juu ya jambo hilohilo.

Kama unataka wa kujivunia nikupe John Leland. Mhubiri wa Kibaptisti, zama zile Wabaptisti wa Massachusetts walikuwa wanadaiwa kodi ya kulipia mchungaji wa kanisa rasmi ambalo si la kwao, wasipolipa wanakamatiwa mali. Leland alimpigia debe Thomas Jefferson bila aibu kwa sababu Jefferson alitaka serikali itoe mkono kwenye dini. Waumini wake wa mji wa Cheshire wakatengeneza jibini moja la ratili 1,235, yaani zaidi ya kilo 550, inasimuliwa kwamba hawakukubali maziwa ya ng'ombe wa chama pinzani, na Leland akalisindikiza mpaka Washington akalikabidhi siku ya mwaka mpya 1802. Siku hiyohiyo Jefferson aliandika ile barua kwa Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, yenye maneno ya ukuta kati ya kanisa na serikali. Siasa tupu hiyo, ya mchungaji, madhabahu mpaka ikulu, na alichokuwa anakidai ni kwamba asiyeamini kama yeye, Myahudi, Mwislamu, hata mpagani, asiguswe na serikali kwa imani yake. Wanaomrithi leo ni Wabaptisti haohao, lakini nikisikia baadhi yao wakitaka serikali isimamie maombi shuleni najiuliza wangemwambia nini Leland.

SWALI: Swali langu ni la hela. Sadaka yangu inaweza kuishia kwenye kampeni ya mtu bila mimi kujua?
*Mtoa zaka*

JIBU: Kwa sheria hapana. Hata baada ya ile kauli ya IRS ya 2025, kilichozungumziwa ni maneno kwa waumini ndani ya ibada, kanisa lenye msamaha wa kodi kumchangia mgombea bado ni marufuku. Kinachoruhusiwa ni kanisa kutumia kiasi kwenye mambo, kama vile kuchangia kura ya maoni ya jimbo juu ya ndoa au utoaji mimba, na makanisa mengi yamefanya hivyo.

Tatizo ni kujua. Taasisi nyingine za hisani kule zinapeleka IRS ripoti ya fedha kila mwaka na mtu yeyote anaweza kuisoma, makanisa yamesamehewa hiyo ripoti, kwa hiyo huwezi kuingia mtandaoni ukaangalia. Angalia pia kama pasta ana chama cha pembeni chenye jina linalofanana na kanisa, hicho kinaweza kusajiliwa kwenye fungu lingine la sheria linaloruhusu siasa kwa upana, ila mchango wa huko haukupunguzii kodi, hapo ndipo utakapokitambua, omba risiti usome imeandikwa jina gani. Mengine yote ulizia kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa, bajeti ikisomwa nyoosha mkono, taja mstari unaoutaka, na mwombe katibu aandike swali lako kwenye kumbukumbu.